Kazi (tumia herufi kubwa)

Fomu ya mkopo ina vijumba vya wino wa bluu.
Jina, nimejaza: NYANJIGE MALONGO.
Mtaa, nimejaza: ISEVYA, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Mbele ya neno KAZI
wameniachia nafasi ya upana wa kidole gumba.

Niliwahi kuandika MENEJA WA AKAUNTI.
Mama akawatangazia wenzake wa kikoba
kwamba binti yake amekalia hela za watu.
Wiki ile wajomba watatu walinipigia
kunijulia hali.

Akaunti zenyewe, mama, hazina hata senti.
Zina nywila, na nywila ninazo mimi:
ya asali ya Mzee Mlekwa wa Sikonge,
ya gesti ya Cheyo yenye vyumba sita na tausi mmoja,
ya basi linaloondoka saa kumi na moja alfajiri
na kufika Mungu akipenda.

Asubuhi mimi ni mpiga picha.
Nainua chupa ya asali kuelekea jua la Juni
hadi iache kufanana na oili chafu.
Saa tatu ni karani, nahesabu vidole gumba
vya watu wasionunua kitu.
Mchana nageuka basi.
Naomba radhi kwa niaba ya tairi,
namhakikishia dada wa Nzega kwamba begi lake limeonekana
ilhali sijaliona,
kisha napanda bodaboda kwenda stendi kulitafuta,
nalikuta limelaliwa na gunia la michembe,
nalibeba begani hadi ofisini.
Hilo halimo kwenye mkataba.
Mkataba wenyewe ni sentensi moja,
Mzee Mlekwa aliitamka akifunga mlango wa gari:
"Wewe tuangalizie tu hayo mambo ya mtandaoni."

Tuangalizie tu.
Hiyo "tu" ndiyo inayonikesha.

Usiku mmoja mtu aliiuliza gesti kama ina chumba,
halafu akaiambia gesti
kwamba yuko stesheni ya reli na mtoto,
kwamba huko alikotoka harudi.
Gesti ikamjibu. Gesti ikasema, dada, usitembee peke yako,
kaa karibu na askari, namtuma mtu sasa hivi.
Gesti ilikuwa imejifunga khanga,
mguu mmoja nje ya neti,
ikimwamsha kaka yake aliye na pikipiki.
Mwenye gesti hajui mpaka leo.
Kulipokucha aliniuliza kwa nini wafuasi wamepungua wawili.

Bwana Kapalata ananirudishia fomu juu ya kaunta.
"Hapa hujajaza, dada."
Namweleza. Ananisikiliza
kama mtu anayesikiliza mvua iliyo Urambo.
"Ni uhasibu?" Si uhasibu.
"Matangazo?" Kidogo.
"Ufundi simu?" Watu huniletea, ndiyo, hata chaja.
Anakuna kidevu, anatazama foleni nyuma yangu.
"Ngoja niwaulize wale wa ukurasa wetu wa chama.
Hao hujibu haraka kuliko makao makuu."

Anaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje kidogo.
Ndani ya mkoba wangu simu inatetemeka.

Nainama kama anayetafuta kalamu.
*Habari za kazi. Nina mteja hapa haeleweki anafanya nini.
Nimwandike nani?*

Miezi minane nimekuwa sauti ya chama hiki,
nimewatakia wanachama Idi njema na Pasaka njema
kwa elfu themanini kwa mwezi, zikija.
Naanza kuandika, nafuta.
Naandika jina langu, nalifuta nalo.
Mwishowe vidole vyenyewe vinakwenda vilikozoea:
*Ndugu mpendwa, asante kwa kuwasiliana nasi.
Suala lako tunalifanyia kazi.*

Bwana Kapalata anasoma, uso unamkunjuka.
"Wanalifanyia kazi," ananiambia kwa upole,
na kunionyesha benchi.

Naketi kati ya mama mwenye kuku na kijana mwenye hati ya kiwanja,
simu mapajani,
nasubiri nijijibu.