Sarafu ya Hilja

Kila tukifunga safari ya Oulu
mama mkwe wangu hugandisha kikombe cha maji,
juu ya barafu akaweka senti kumi,
akakirudisha ndani ya friza
kati ya samaki wa ziwani na nyama ya kulungu wa theluji.
Mwaka wa kwanza nilicheka.

Agosti hii upepo uliangusha msonobari juu ya nyaya.
Tuliporudi, taa zinawaka,
friza inanguruma kama kawaida yake,
kila kifurushi kigumu kama jiwe.
"Salama," nikasema.
Hilja akatoa kikombe, akakiinua dirishani.
Sarafu imelala kitakoni,
na barafu juu yake imeziba, safi,
kama shahidi aliyehongwa.

Shemeji Taisto akapiga kelele: kilo arobaini!
Msimu mzima wa mawindo!
"Nyama hununuliwa," akasema Hilja.
"Tumbo la Veikko je?"
Tukachimba nyuma ya sauna.
Tukazika hata matunda ya kinamasini,
yale niliyoyachuma hadi kiuno kikagoma.

Kisha tukachomoa waya, tukaacha mfuniko wazi,
masufuria ya maji moto yakafuka humo ndani.
Nilishika kisu nikwangue;
akaninyooshea kidole friza kuukuu bandani,
ile aliyoitoboa bomba akiwa bibi harusi.
Sasa inatunza nyavu.
Nikakirudisha kisu.

Usiku, magadi yamekauka na mngurumo umerudi,
nilijaza kikombe bila kuambiwa.
Alfajiri maji yalikuwa yameganda.
Sarafu ilitoka mfukoni mwangu.