Tundu la Tisa

Sanduku la baba ni la mninga,
matundu kumi na mawili, vishikio kumi na kimoja.
Namba zao zimelika. Ile sita ukiigeuza ni tisa,
na baba hakuwahi kuzisoma.
Alipitisha ukucha wa gumba kwenye mfuo wa ganda,
akafumba jicho, akanyoosha mkono:
"Leta kile cha pembeni, Mwewa. Si hicho. Chenye kovu."

Kamalondo, chumba cha nyuma,
mvua ya Januari ikigombana na mabati,
na wawindaji wa Kasenga kwenye benchi
wameshika maganda yao ndani ya soksi.

Kishikio kikilegea, ganda linalala upande,
fataki inaingia kama jino lililoota vibaya.
Kikibana mno, unasukuma kwa hasira,
na hasira, alisema baba, haikai chumba kimoja na fataki.
Kiteleze. Kikae. Kisicheze.
Halafu kidole gumba, polepole,
mpaka usikie kama mtu anayefunga mlango
asiamshe mtoto.

Siku moja akaja bwana mwenye viatu vipya.
Begi la shule, lina picha ya sungura,
limejaa maganda ya bunduki isiyomjua swala.
Labda shaba yake ilichimbwa hapa hapa,
ikapanda treni, ikazunguka kwa watu,
ikarudi ina umbo la kidole.
Baba akachukua moja. Ukucha. Jicho.
Mkono ukanyooka kuelekea sanduku,
ukatua juu yake kidogo, ukarudi.
"Hili sina kishikio chake."
Bwana akainama. Tundu la tisa lilikuwa wazi.
"Jaribu kingine."
"Vingine vitalegea."
"Na nikiongeza pesa?"
"Pesa haishiki kitako cha ganda, bwana."

Sungura akaondoka begani mwake.
Baba akaomba chai, akainywa yote
sukari ikiwa bado imelala chini ya kikombe.
Mimi sikuuliza.
Asubuhi ile ile nilikuwa nimefuta vumbi sandukuni,
na nilihesabu kumi na viwili.

Huu mwaka wa tatu tangu tumzike.
Jana nilifumua koti lake la baridi, nilitaka vifungo.
Ndani ya pindo, kimeshonwa kwa uzi wa viatu,
kizito kuliko kinavyopaswa,
kile chenye sita, au tisa.

Nilikijaribu. Kiliingia tundu lake bila kelele,
kama mwenye nyumba.
Nikakaa nacho hivyo kwa muda, sanduku limejaa,
zuri, sina la kusema.
Kabange aligonga, ana maganda ishirini ya swala.
Nikapitisha ukucha. Chenye kovu.

Usiku nimekirudisha kwenye pindo.
Mshono wangu si kama wake, unaachia;
itanibidi niukague
kila mvua za kwanza.