Ubao wa Futi Tatu

Mama Nyabenda wa Gungu ameniletea ubao wa mninga,
futi tatu kasoro, pembe moja imeliwa na mchwa.
Anataka mawese, sabuni, pampasi,
na blubendi ya kupima.
"Herufi ziwe nene," anasema,
"anayeshuka stesheni azione kabla hajaona duka la jirani."

Ubao hautoshi. Haujawahi kutosha.
Herufi ni kama wageni wa msiba:
unatandika mikeka ya watu kumi,
wanakuja thelathini na watoto.

Mwanawe Butoyi, kidato cha pili,
amekuja na pakiti tupu, kaishika kwa ncha za vidole
kama kielelezo cha mahakamani.
"Huandikwi hivyo, fundi. Kuna e hapa. Kuna r. Mwisho kuna s."
Nikamwuliza: mama akikutuma, hiyo r unaitamka?
Akacheka.
Miaka yote hii, dukani kwao
hakuna aliyewahi kununua r.

Basi nikaandika PAMPA nikafika ukingoni,
si ikabaki kwenye brashi.
Hapo ndipo fundi hujulikana.
Neno halikatwi kama mgebuka, popote kisu kitakapoangukia.
Silabi yetu hufunga mlango kwa irabu:
pa, mpa, si.
Ukiacha PAM- juu, umemlaza m nje peke yake,
na m ya namna hii haijazoea kulala peke yake.
Nikaweka kistari, chembamba,
kama ukucha wa mtoto mchanga,
nikashuka.

MAWESE SABUNI PAMPA-
SI BLUBENDI YA KUPIMA

Siku ya tatu akaja mbio, kanga imemteleza begani.
"Nani kakwambia?"
Kakwambia nini, mama?
"Wateja wanauliza! Mzee Ruhwanya kasimama mbele ya watu:
kama si blubendi, basi ni nini?"

Kumbe ndoo ile ya njano nyuma ya kaunta
ilikuwa na jina jingine ubavuni,
refu, la nchi ya ng'ambo ya ziwa,
ambalo yeye mwenyewe hajui kulisoma.
Kistari changu hakikuonekana.
Rangi ilikuwa nyepesi, jua la Kigoma kali,
na ubao ukasema kweli
bila kutumwa na mtu.

Nilimwambia habari za baba.
Miaka ishirini alipanda Foniksi, Ujiji hadi bandarini,
mbele na nyuma magunia ya dagaa,
na ubavuni mwa Foniksi ile palichorwa swala anaruka,
maana ilikuwa Swala.
"Foniksi," alisema, "ni kitu chochote
chenye pedeli na subira."
Mpaka watu wakamwita hivyo yeye mwenyewe.
Alipofariki, ndugu walibishana juu ya kibao cha kaburi:
shemeji wa Kasulu, mwalimu, alitaka p na h, akataka x.
Mimi niliandika kama nilivyosikia
wanawake wa sokoni wakimwita kwa nyuma, akiwa amekwisha pita.
Kibao kilikuwa chembamba.
FONI-
KSI.
Sijui kama nilikata sawasawa. Mkono ulitetemeka.
Mwalimu hakusema kitu.

Mama Nyabenda alinyamaza kidogo,
akajifunga kanga yake upya.
"Haya. Kistari kiongeze unene."
Nikakiongeza, kikawa kama gogo lililoziba njia;
sasa hata Mzee Ruhwanya na miwani yake ya kufungwa uzi
hawezi kukiruka.

Hela hakutoa.
Alinikatia mkate, akachota kijiko kwenye ndoo ya njano,
akapaka mpaka kingo, mbele ya Butoyi,
akasimama kungoja niseme.
Nikala.
Ilikuwa blubendi.