Daftari la Ukungu

Huku Newala neno ni moja, mambo ni mawili:
kuna ukungu unaopanda alfajiri kutoka bonde la Ruvuma
ukaifunika mikorosho hadi shingoni,
na kuna ule mwingine, wa kwenye chakula,
ambao haupandi kutoka popote. Unaukuta tu umeshakaa.

Somoe alirudi na amri ya Mwalimu Nambunga:
"Mama, nataka vipande vitano vya mkate."
Mkate! Nikasema, mwambie mwalimu wako
mkate wa kuozesha anunue yeye.
Tukapatana kwa ugali, kiporo cha jana;
nikaukata kwa uzi, sawasawa, kama sabuni ya mche.

Cha kwanza akakipandisha juu ya bati, juani.
Cha pili akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akafunga fundo,
akauficha nyuma ya mtungi, pale sakafu isipokauka.
Cha tatu akakifukia kwenye chumvi ya ng'onda.
Cha nne darini, moshi wa jiko unakopitia.
Cha tano akakipeleka dukani kwa Chilumba, ndani ya friji la soda,
na umeme ukikatika, Chilumba aandike saa.

Siku ya kwanza: hakuna. Siku ya pili: hakuna.
Siku ya tatu, cha mfukoni kimetoka jasho.
Siku ya nne kimeota nywele nyeupe, laini,
mfano wa kifaranga aliyeanguliwa sasa hivi.
Siku ya sita, kijani.
Siku ya nane sikutaka kutazama.
Cha juani kimekuwa jiwe; kuku amekidonoa akakata tamaa.
Cha chumvini kimesinyaa, kimya, kama mtu aliyesusa.
Cha darini kimebadilika rangi, kinanuka kama shangazi zangu.
Cha friji kilikaa vizuri mpaka Jumanne,
umeme ulipokwenda usiku kucha na mchana wake.
Somoe akaandika: Baridi haiui. Baridi inachelewesha.

Nikausoma mstari ule mara mbili, ufagio mkononi.

Kwa sababu mimi nami nilikuwa na jaribio langu.
Mwezi wa tano, mihogo imetandazwa uani,
mvua ya mwisho ilikuja bila hodi
na mimi nipo msibani Kitangari, siku mbili.
Niliporudi niliianua, nusu kavu, nusu mbichi,
nikaijaza guniani, nikashona mdomo,
nikaliegemeza gunia ukutani, upande ule ule wa mtungi.
Nikajiambia: itajikausha humo humo.

Joto lilikuwepo. Unyevu ulikuwepo.
Mimi nikaongeza giza, nikaongeza uzi wa kushonea.

Tulilifumua jioni. Makopa ya juu meupe,
ya katikati yana madoa ya masizi,
ya chini yameshikana, yana joto lao wenyewe,
kama kiganja cha mgonjwa.
Nikachukua kisu. Siku zote tumekwangua:
mama yangu alikwangua, tukala, tukakua
(tuliokua).

"Mama," akasema Somoe, wala haniangalii,
"mwalimu anasema unachokiona ni maua tu.
Mizizi imeshaingia ndani.
Na sumu yake huichemshi ikaisha."

Nilikaa na kile kisu.
Nusu gunia ni wiki tatu. Hesabu hiyo haimo daftarini.

Tukayamwaga shimoni nyuma ya choo, tukafukia,
tukakanyaga; hata kuku tuliwanyima.
Nimebakiza machache ya juu,
yale yaliyolia kau! nilipoyavunja.

Leo kumekucha na bonde halionekani.
Ukungu umefika hadi dirisha la jikoni,
nami nimesimama na ungo, nangoja uondoke nianike.
Somoe ameshakwenda shule.
Jana usiku nilichungulia jedwali lake:
ameongeza kipande cha sita, kwa kalamu nyekundu,
Gunia la mama. Ukutani. Siku arobaini.
Kwenye safu ya matokeo
ameacha wazi.