Kwenye Mstari wa Tano

Kwenye mstari wa tano, palipoandikwa
"Dawa unazotumia", alichora kistari.
Kifupi, kimenyooka,
kama mtu anayefunga mlango bila kuubamiza.

Jina lake Dzidra. Miaka sitini na nne.
Alikagua tiketi kwenye tramu za Riga miaka thelathini,
na mashavu yake bado yana vishimo
vya chunusi alizozitumbua bwenini, akiwa msichana,
kwa kucha, mbele ya kioo cha watu kumi na wawili.
Mjukuu anaolewa Mei.
Nje theluji ya Februari inaanguka bila haraka,
koti lake linadondosha maji kwenye zulia langu.

Nilikuwa nimeshampaka ganzi.
Nilikuwa nimeshaichana pakiti:
sindano kumi na mbili, fupi kuliko punje ya mtama,
kazi yake kutoboa ili ngozi ikumbuke kujishona.
Ndipo mkono wa sweta ukapanda,
nikaona, juu ya kifundo, doa la zambarau
pana kama sarafu ya yuro mbili.
"Umeanguka?"
"Mfuko wa viazi tu. Siku hizi nikiguswa naiva."

Nikiguswa naiva.
Kidole changu kikatoka kwenye swichi.

Niliwahi kutouliza, si siri.
Raivis, kijana mpiga kodiani,
alikuwa kwenye vidonge vikali vya chunusi,
vile vinavyokausha hadi midomo ikapasuka.
Midomo ile niliiona. Nikadhani ni baridi.
Wiki tatu uso ulikataa kufunga.
Sasa ana mistari myembamba shavuni, kama daftari la mtoto,
na tukikutana sokoni hunisalimu kwa heshima;
heshima ile ndiyo sindano.

Kwa hiyo nikavuta kiti.
"Bi Dzidra, fungua mkoba."
Akatazama dari. Kisha akatoa kisanduku
chenye vijumba saba, Jumatatu hadi Jumapili,
kila kijumba na kidonge cha waridi;
cha Jumanne, yaani leo, kilikuwa tupu tayari.
"Cha moyo. Damu isigande.
Lakini hiyo si dawa, ni mazoea.
Dawa ni ukiwa mgonjwa."

Nikanyamaza. Akaongeza upesi,
kama anayepunguza bei:
"Nitaacha wiki moja. Hata mbili. Harusi ni Mei."

Hapo nikamshika mkono, ule usio na doa.
Uso ukichelewa, umechelewa tu.
Damu ikiganda pabaya haikupi miadi.
Tukampigia daktari wake, simu wazi mezani,
na sauti yenye mafua ikasema: asiache hata kimoja,
asitobolewe mpaka nimwone,
na wewe unayeuliza, asante, wengi hawaulizi.

Alikasirika. Tusidanganyane.
Alisema amepanda tramu mbili kuja,
kwamba miaka thelathini aliwashusha wasio na tiketi
na leo ameshushwa yeye.
Nikasema ndiyo.

Nikamfuta ganzi kwa kitambaa cha maji vuguvugu,
polepole, kishimo kwa kishimo,
kama mtu anayesoma kwa vidole.
Akafumba macho. Sikumtoza.

Akiwa ameshavaa koti, akaomba kalamu.
Akarudi kwenye mstari wa tano,
akatoa karatasi ya duka la dawa iliyokunjwa mara nne
na kuandika jina la kidonge, herufi moja moja,
halafu la pili, la presha,
halafu la tatu ambalo hakuwa amelitaja,
la usingizi, tangu mumewe

na hapo kalamu ikasimama kidogo.
Mstari haukutosha. Mwandiko ukapanda ukingoni,
ukazunguka pembe ya karatasi,
ukakifunika kile kistari.

Pakiti niliitupa kwenye ndoo ya vyenye ncha.
Ikishachanwa haina pa kurudi.