Pikapu ya Tani Ngapi

Nilisema natafuta pikapu,
na kijana wa duka la spea pale Kilombero akauliza,
"Ya tani ngapi?"
Nikafunua kanga, nikamwonyesha mandolini.
Alicheka mpaka akaegemea matairi,
kisha akanielekeza ghorofani kwa Aikande,
fundi wa vipaza sauti,
mkono mmoja una waya, wa pili andazi.

Mandolini hii bibi aliipata Tengeru
kwa mama wa Kipolandi aliyekuwa akifunga virago,
fidia ya maziwa ya miezi mitatu.
Hakuipiga hata siku moja.
Aliitundika kwa kamba ya katani juu ya pipa la mahindi;
msumari aliukataa.
Nyuzi nane, mbili mbili,
kama watoto wanaotumwa dukani pamoja
ili mmoja akisahau mwenzake akumbuke.

Jumamosi, kwenye sendofu ya Nembris,
kinanda kilinguruma, ngoma ikajibu,
nami katikati, vidole vinavuja jasho.
Wakati wa pilau shangazi wa biharusi akaniinamia:
"Mwanangu, nilidhani unajikuna tumbo.
Kumbe ulikuwa unapiga?"

Aikande hakucheka. Akafuta mikono, akatoa visanduku.
Alianza na sumaku, akaishikiza penye mwisho wa shingo.
Sauti ikatoka nene, laini, imenyooka,
nzuri kabisa,
ila ya mtu mwingine.
Sumaku husikia chuma; mbao haiijui.

Maikrofoni ya kubana, yeye ilisikia kila kitu:
mbao, pumzi yangu, kifungo cha shati,
muuza karanga huko chini barabarani,
mwishowe ikajisikia yenyewe
na kupiga mluzi wa kung'oa meno.
"Ukiwa na ngoma mgongoni, hii itakuaibisha,"
akasema, akaizima.

Kikabaki kidude bapa, chembamba kama ukucha.
Akakibandika kwa nta kando ya mguu wa daraja,
upande wa nyuzi nyembamba.
Nikapiga. Kikavu!
Kama mtu anakutafunia bisi sikioni.
"Sogea basi," akakiambia kidude, si mimi,
akakihamisha upana wa punje ya mchele.
Tena.
Punje nyingine, kurudi nyuma.
Tulikaa hivyo hadi chai yake ikaota ngozi,
hadi mahali fulani, pasipo alama yoyote,
mbao ikaitika.
Sote wawili tukanyamaza.

"Sasa nitoboe tundu la waya? Hapa ubavuni?"
Drili ilikuwa tayari mkononi mwake.
Nikaiona ile kamba ya katani.
"Usitoboe."
"Waya utaning'inia nje."
"Uning'inie."
"Utaonekana kwenye video za watu."
"Uonekane."
"Na nta ikilainika kwa joto la ukumbi?"
Hapo sikuwa na jibu.
Akanikatia kipande cha nta cha akiba,
akakifunga kwenye karatasi ya andazi.

Chini, kijana wa spea alikuwa akinisubiri.
Akachungulia ndani ya kanga,
akakigusa kidude kwa kidole chenye grisi.
"Ndiyo hii? Sasa hii inabeba nini?"
"Maziwa," nikamwambia.
"Ya miezi mitatu."