Linalojua Kuzeeka

Tairi jipya halina umbea.
Likitoka ghalani na vinyweleo vyake vya mpira
bado vimesimama ubavuni,
hupita barabarani kama paka juu ya zulia.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Mimi sikuja kuuliza habari za mwezi wa kwanza.

Nilimwambia hivyo Kaupo, fundi wa matairi wa Võru,
theluji ya Aprili ikigeuka tope mlangoni pake.
Niuzie, nikasema, linalojua kuzeeka.

Kazi yangu ni kurekebisha piano:
shule kumi na tisa, makanisa mawili,
na mjane mmoja wa Rõuge ambaye hapigi tena
lakini hataki nyuzi zilegee.
Nakula kwa sikio. Na gari ndilo linaloniharibia.
Tangu vuli, mwendo ukifika themanini,
chini ya kiti cha nyuma huanza kuimba
noti moja, kati ya so na la,
si hii si ile, kama mtoto mkaidi wa kwaya.
Nikikaza mwendo, inapanda.
Nikilegeza, inashuka.
Kunyamaza, hainyamazi.
Nafika Antsla, nainamia piano ya shule,
nakaza uzi huku nabishana na barabara.
Juzi mwalimu Viive akasema,
"Safari iliyopita uliiacha juu kidogo."
Juu kidogo!
Miaka ishirini na sita sijaambiwa neno hilo.

Kaupo hakucheka. Alivua glavu,
akapitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda mbele: laini.
"Sasa wewe. Rudisha nyuma."
Kiganja kikakwaruzwa.
Kila jino limeliwa upande mmoja,
msumeno mzima umejikunja ukawa duara.
"Mwimbaji wako huyu hapa."

Lipi basi, nikauliza, la kampuni gani?
Akanionyesha karatasi zenye desibeli:
sitini na tisa, sabini na moja.
"Lakini wamelipima likiwa bichi," akasema.
"Ni kumsifu bwana harusi kwa koti la harusi."
Akanisimulia habari za mama mkwe wake, Hilja,
matairi ya bei ya chini, kilomita elfu sitini, kimya,
kwa sababu kila Jumapili hupima upepo,
kila masika ya mbele huenda nyuma,
na akigonga shimo moja tu huja hapa
kunyoosha magurudumu, hata kama hayajapinda.
Na daktari fulani, matairi ya fahari,
elfu ishirini tu, yanalia kama ghala la mbao.
"Tairi halizeeki lenyewe. Huzeeshwa."

Nilichukia. Nilitaka jina, nikapewa kipima upepo
kidogo kama kidole gumba.

Lakini alinionyesha jambo moja ambalo bado nalitafuna.
Meno ya tairi tulivu hayalingani:
pana, jembamba, jembamba, pana tena,
yamekatwa makusudi yasije yakaafikiana noti.
Mimi maisha yangu yote nalazimisha nyuzi tatu ziseme neno moja,
kumbe kuna ukimya unaotengenezwa kwa kuzigombanisha.
Nilinunua manne.

Sasa ni elfu kumi na moja.
Kila Jumatatu, baada ya misonobari ya Sõmerpalu,
nazima redio, nafunga dirisha, naenda themanini
bila kupumua.
Wiki iliyopita kulikuwa na kitu.
Pengine upepo. Pengine ni mimi:
sikio nalo lina kilomita zake,
na hakuna aliyewahi kulihamisha la kushoto kwenda kulia.

Viive aligusa la, akaishikilia
mpaka ikafa yenyewe ndani ya mbao.
Hakusema kitu. Akafunika piano.

Katika daftari langu, kati ya shule ya Antsla na mjane wa Rõuge,
nimeongeza mstari wa gari:
11,000. Kimya. Au karibu.